Kiti cha Kwenye Kioo

Taratibu alikuwa kinyozi, na jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu kichwa ambacho wenzake wangekimaliza kwa dakika kumi, yeye alikitumikia nusu saa nzima. Hakuudhika nalo. Alilipokea, akalizoea, mpaka binti yake mwenyewe akapiga simu dukani na kumuulizia Taratibu kama mteja yeyote. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani, benchi la kusubiria, na kiti kimoja tu. Na kiti chenyewe kilikuwa kiti kweli: chuma kizito, ngozi nyekundu iliyoshonwa mara mbili, na pedali chini yake ambayo ukiikanyaga, mteja anapanda polepole mpaka masikio yake yanakuwa sawa na kifua cha kinyozi.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, kabla ya chai, na Taratibu akajipa moyo kwamba ni uchovu. Baadaye ukawa unatetemeka mchana kutwa. Siku alipomkwaruza mteja nyuma ya sikio, tone moja la damu, na mteja mwenyewe akacheka na kusema si kitu, Taratibu alimwomba radhi, akakataa malipo yake, na kabla jua halijatua alikuwa amekwenda kumwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi atarudisha ufunguo.

Msidhani alilia. Huyu ni mtu aliyekuwa akishukuru hata mvua inayovuja paani, kwa kuwa imechagua kona isiyo na kitu. Alihesabu vichwa vyote alivyopewa avishike, akaona amependelewa. Mikasi aliigawa kwa vinyozi vijana wa mtaani, mashuka akampa jirani, na yeye mwenyewe akajiandaa kuhamia kwa binti yake, kwenye vyumba viwili ambavyo tayari vilikuwa na watu watano. Kilichobaki ni kiti.

Kiti kile kisingeingia katika nyumba ya binti hata kwa dua. Na kila asubuhi alikuwa akipita mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana mwenye mabega mapana ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani, akisukuma mkokoteni wenye mizani yake ya kuning'iniza. Alikuwa akisimama mlangoni, anakitazama kiti kwa jicho la mtu anayekadiria kilo, halafu anasema yeye hana haraka. Hakuwa mtu mbaya. Lakini Taratibu kila akimwona alikwenda kusimama kati yake na kiti. Juu ya kiti kile alikuwa amewanyoa mabwana harusi wenye hofu, wafiwa, na watoto wa mara ya kwanza waliolia mpaka wakalala. Kukipeleka kikavunjwe kwa nyundo lilikuwa jambo ambalo hakuweza hata kulisema kwa sauti. Alitaka kiti kipate kinyozi mwingine, basi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Binti yake akasema litawekwa tangazo kwenye soko la mtandaoni, Baba atume tu picha. Ndipo lilipofanyika kosa ambalo fundi seremala asingelifanya, wala mwalimu, wala mtu yeyote mwingine duniani isipokuwa kinyozi. Kinyozi hakagui kazi kwa kuitazama moja kwa moja. Huikagua kwenye kioo, kwa sababu humo ndimo mteja anamojiona. Taratibu akaegemeza simu kwenye pembe ya benchi ili mkono usiitikise, akaielekeza kiooni kama alivyoelekeza macho yake kwa miaka thelathini na moja, akabonyeza. Binti akakata kingo za picha ili kiti kionekane vizuri. Wote wawili wakaitazama, wakaridhika. Hata kile kibao cha ukutani kilichoandikwa ASANTE KWA KUNIKABIDHI KICHWA CHAKO kilitoka kinyumenyume, na Taratibu hakuona ajabu yoyote, maana kutwa nzima alikuwa amezoea kukiona hivyohivyo.

Maelezo aliyataja mzee mwenyewe, binti akaandika. Binti alitaka aandike tu kwamba kiti ni imara, lakini mzee akashikilia yatajwe yote: kwamba kinalia kidogo kikishuka, kwamba ngozi ina mchaniko wa kidole kimoja upande wa nyuma, kwamba mwaka fulani kiliangushwa na mlevi. Binti akamwambia kwa mtindo huo atauza lini. Mzee akajibu kwamba mtu akifika asikute jambo ambalo hakuambiwa.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla chai haijapoa. Uliuliza: Bado kipo? Taratibu akavaa miwani, akamsalimu mtu huyo, akamuuliza habari za nyumbani, akaeleza kwamba kiti kipo, kizima, na saa za kuja kukiona. Ilimchukua robo saa, kidole kikiruka huku na huku. Yule mtu hakujibu tena mpaka kesho yake, alipouliza: Bado kipo?

Wakaja wengine. Kuna aliyetaka bei ya mwisho kabla ya kuuliza ya kwanza. Kuna aliyetaka kubadilishana kwa baiskeli isiyo na mnyororo, na aliyeomba ngozi peke yake, chuma abaki nacho mzee. Mmoja alidai yuko nje ya nchi, atamtuma mtu na pesa taslimu, ila kwanza atumiwe ile namba ya siri itakayoingia kwenye simu; binti akamkataza baba yake asithubutu, na Taratibu akamwandikia yule tapeli kwamba anasikitika hataweza, na anamtakia safari njema. Mwingine alitaka vipimo. Akapimiwa urefu, upana, kimo kikiwa juu, kimo kikiwa chini, kisha akasema alikuwa anaulizia tu. Mwingine alikuwa njiani. Alikuwa njiani Jumatatu, Jumanne alikuwa anakaribia, na Jumatano alikuwa amefika karibu kabisa, na mpaka leo nadhani bado anakaribia. Siku zote hizo Taratibu alimwekea stuli kivulini.

Hata yeye mwenye shukrani zake alianza kuchoka. Jioni ya Jumatano alimwambia binti yake kwa simu kwamba dukani, mtu akiingia na kuuliza, huwa amekuja na kichwa chake. Hawa wa kwenye simu hawajui kama wana kichwa. Kisha akaona amesema vibaya, akaongeza kwamba pengine nao wana shida zao. Lakini usingizi ulipotelea hapo.

Kesho yake ukaingia ujumbe ulioanza na shikamoo. Mwandishi alisema yeye ni mwanamke, kinyozi, ndiyo kwanza anafungua chumba chake mwenyewe. Alikuwa na swali moja: je, kiti ni kama kilivyo kwenye picha? Taratibu alifurahi mpaka akavua miwani na kuivaa tena. Akajibu kwamba ni kama kilivyo kabisa, hakuna alichoficha. Mwanamke akasema atapanda mabasi mawili na Ijumaa kabla ya adhuhuri atakuwa amefika.

Na akafika. Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja, na Mizani alikuwa tayari amekaa juu ya mkokoteni wake nje ya mlango, akimsubiri mzee akate tamaa. Mwanamke alikuwa wa makamo, ana begi la vifaa begani, na aliamkia kwa heshima, akaitikiwa. Akakiendea kiti. Akakizunguka mara moja, kisha mara ya pili, akachuchumaa kuangalia chini. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, na akatoa simu yake na kumwonyesha mzee picha.

Kwenye picha pedali ilikuwa kushoto. Kwenye kiti ilikuwa kulia, ilikokuwa siku zote.

Mwanamke akaeleza taratibu, bila ukali. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Kila mahali alipoajiriwa, viti vilikuwa vya watu wa kulia, na yeye akawa anasimama kushoto kwa mteja na kuzunguka kila anapotaka kumpandisha au kumshusha, siku nzima, mpaka magoti yanavimba. Kuna bosi aliyemwambia abadilishe mkono, kana kwamba ni shati. Alikuwa ametafuta kiti cha namna hii miaka mingi, na alipoiona picha alikaa chini kwa furaha. Nauli aliyotumia ilikuwa imetoka kwenye fedha ya kununulia kiti.

Taratibu aliitazama picha ile, akaona kile kibao kinyumenyume, na hapo ndipo akaelewa. Aibu ilimpanda kama homa. Mtu aliyetangaza mpaka mchaniko wa kidole kimoja alikuwa amemdanganya mama wa watu kwa picha.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Nimepiga picha ya kioo. Mimi dunia yote naiona humo, sikukumbuka kwamba wewe huko uliko huna kioo changu."

Mwanamke akasema si neno, yametokea, na akaanza kulirudisha begi begani. Mzee akataka kumrudishia nauli, akakataa. Nje, Mizani alishuka kwenye mkokoteni na kujinyoosha. Taratibu akaona siku nane, salamu zote zile na vipimo vyote vile, vikiishia kwenye nyundo, na mwanamke huyu akirudi kuzunguka viti vya watu. Akamwomba asubiri kidogo tu. Akakaa kwenye benchi, akafumba macho.

Kila Ijumaa, kwa miaka yote hiyo, alikuwa akikipaka kiti mafuta. Alikijua mpaka tumboni. Akaona kwa akili yake lile bomba la chini lenye pedali, na juu yake bamba, na juu ya bamba kalio la kiti, vimekamatwa kwa boliti nne. Akahesabu tena. Nne, zimekaa mraba, nafasi sawa kila upande.

Akainuka na kuvuta spana chini ya benchi, lakini mkono ulitikisika mno, spana ikagonga chuma. Kisha akamkabidhi mwanamke.

"Mikono iwe yako," akasema, "maneno yawe yangu."

Mwanamke akapiga magoti. Mzee akamwelekeza boliti ya kuanza, upande wa kusukuma, na mahali pa kutia tone la mafuta ili kutu iachie. Zilipotoka zote nne, kalio lile lilikuwa zito kama ng'ombe aliyelala, na wote wawili hawakuliweza. Mzee akaenda mlangoni, akamwita Mizani. Mizani akaingia, akauliza kama sasa ndiyo anabeba, akaambiwa ndiyo, lakini hatua nusu tu. Akacheka, akatema mate viganjani, akaliinua peke yake, na wakamwongoza: zungusha, zungusha, bado kidogo, shusha. Mashimo manne yakakutana na mashimo manne. Miaka thelathini na moja, na Taratibu hakujua kwamba kiti chake kinaweza kugeuka.

Boliti zilipokazwa, mwanamke akasimama kushoto kwa kiti, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali na kukanyaga. Kiti kikapanda. Akakishusha, kikalia kidogo, kama lilivyosema tangazo. Akakipandisha tena, na hapo Taratibu akamwona akijifuta macho kwa mkono wa gauni na kujifanya anafuta jasho.

Akasema anakichukua, ila lazima akijaribu na mtu akiwa amekaa. Akamtazama mzee. Taratibu akaelekeza macho kwa Mizani, lakini Mizani kichwa chake kilikuwa kipara safi. Hakukuwa na mwingine.

Sasa hapa niseme jambo ambalo Taratibu hakumwambia hata binti yake. Tangu mkono uanze kutetemeka alikuwa havui kofia, ndani na nje, kwenye joto na kwenye baridi. Maisha yake yote alijinyoa mwenyewe, kwa vioo viwili, na mara ya mwisho alipojaribu, miezi mitatu nyuma, alijiharibu vibaya: hapa ngazi, pale shimo, kisogoni hata hapasemeki. Kwenda kwa kinyozi mwingine aliona haya. Angeingiaje na kichwa kile?

Akakaa kwenye kiti chake. Alikuwa hajawahi kukikalia mbele ya mtu. Akavua kofia na kuishika mapajani, akainamisha uso ili asijione kiooni. Mwanamke hakuguna, hakucheka. Alitoa shuka begini, akamfunika, akalifunga shingoni kwa wepesi, akampandisha kwa mguu wa kushoto mpaka kimo kikawa sawa.

"Haya mzee wangu," akasema, "tunafanyaje leo?"

Swali hilo Taratibu alikuwa amewauliza watu kila siku, asubuhi na jioni, mpaka ulimi ukalisema wenyewe.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Basi mwanamke akaamua mwenyewe, akaanza. Alifanya kazi nusu saa nzima, bila haraka, akizirudia zile ngazi moja moja mpaka zikayeyuka, na Mizani akakaa kwenye benchi kama mteja wa pili, wala hakuuliza saa. Alipomaliza, akamshikia mzee kioo kidogo nyuma, naye akainua uso. Alikitazama kisogo chake kwa muda mrefu. Juu ya bega lake, ndani ya kile kioo kidogo, kibao cha ukutani kilisomeka sawasawa, neno kwa neno, na Taratibu akamsomea mwanamke kwa sauti, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine yaliyotosha.

Kiti kikaondoka juu ya mkokoteni wa Mizani mpaka kituo cha mabasi, kizima, ngozi imefunikwa kwa shuka. Ili kupisha kiti, mizani yake ya kuning'iniza aliiegemeza ukutani, akasema ataifuata baadaye. Taratibu akafagia nywele zake mwenyewe, akafunga mlango, akaenda na ufunguo kwa mwenye nyumba. Njiani simu ikalia. Bado kipo? Akaegemea ukuta ili mkono utulie, akavaa miwani, akaandika salamu, akauliza habari za nyumbani, akasema kiti kimepata mwenyewe, na akamshukuru sana kwa kuuliza. Upepo ulimpuliza shingoni, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba kofia ameiacha kwenye benchi. Hakurudi kuifuata.