Garanti Haihusu Freni

Jumamosi ya harusi ya wanakwaya, Ursule alifungua mlango wa nyuma wa gari lake ili aingize sufuria ya lituma, ndizi za kupondwa, akakuta kiti kimelowa tena. Alikuwa amekisugua kwa sabuni, amekianika juani uani kwake Mangobo, mjini Kisangani, amekifunika kwa nailoni, na bado kililowa. Safari hii kulikuwa na mwanamke amekaa juu yake. Alikuwa mtu wa rika lake, amevaa kitenge cha bluu kilichomganda mapajani, na maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele hadi sakafuni.

"Mama, usogee kidogo," Ursule alimwambia. "Hii sufuria iko moto."

Yule mwanamke akasogea. Alipokea hata kifuniko, akakipakata. Claudine, mdogo wake Ursule, ambaye ujauzito ulikuwa umemjaza hata mkanda wa gari haumfungi, aliketi mbele na kumsalimu mgeni bila kugeuka, kwa sababu kugeuka kulimchosha.

Ursule alikuwa mpishi wa harusi na matanga. Kabla ya gari alisafirisha vyakula kwa toleka, baiskeli za abiria, sufuria zikiwa zimefungwa nyuma kwa mpira, na watu walikula lituma iliyopoa wakamwambia kwa adabu kwamba ni tamu. Mvua zilipoanza alinunua gari kwa Papa Wenceslas, muuzaji wa magari yaliyotumika, mtu mpole aliyewapa wateja wake soda baridi na karatasi ya garanti yenye mihuri miwili. Ursule aliiweka karatasi hiyo ndani ya Biblia, na kwa wiki kadhaa alijiona mtu aliyefika mahali.

Harusi ilikuwa ng'ambo ya mto Tshopo. Walipokaribia mteremko wa kuelekea darajani, mwanamke wa nyuma alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, akaanza kupiga kelele. Alianza kabla gari halijaanza kuteremka. Ursule akakanyaga freni. Mguu ulizama, ukaendelea kuzama mpaka kiatu kikagusa chuma cha chini, na gari halikupunguza mwendo. Alikanyaga tena na tena. Alivuta freni ya mkono ikamfuata kama kamba isiyofungwa kitu. Waendesha toleka walitawanyika kulia na kushoto. Mbele aliona daraja, na chini ya daraja maji meupe yanayokimbia. Akakata usukani, gari likaingia katika magunia ya makaa ya mama mmoja wa barabarani, likasimama.

Hakuna aliyekufa. Lituma ilimwagika yote. Claudine alikuwa ameshika tumbo lake.

"Yaya," alimwambia dada yake, "huyu mama alijua."

Mwanamke wa nyuma alikuwa bado ameng'ang'ania kiti. Alisema jina lake ni Fortunée, wa Lubunga, muuza mchele. Gari hili lilikuwa lake.

"Nilinunua kwa Papa Wenceslas, kama weye," alisema. "Freni ilianza kuzama. Nikarudia kwake. Akaniambia iko usure, kitu inaisha juu ya kutumika, garanti haihusu. Bon, nikaendelea. Siku moja niko pale kwa bac, kile kivuko, kwa mteremko, ninangoja kuvuka. Gari ikaenda yenyewe."

"Juu ya nini uko nyuma?" Claudine aliuliza. "Haukuwa unaendesha?"

"Nilikuwa mbele. Mayi ilipoingia nikarudi nyuma. Njo kule hewa ilibakia."

Ursule alishuka, akamsaidia mama wa makaa kukusanya mzigo wake.

Gari lilivutwa hadi kwa Mahmoudi, fundi wa Mangobo. Mahmoudi alilala chini ya gari, akatoka, akarudi tena chini. Alipofungua gurudumu la kwanza, mchanga mweupe wa mtoni ulimwagika juu ya viatu vyake. La pili lilitoa tope. Katika la tatu mlikuwa na samaki mdogo, mzima, ambaye Mahmoudi alimtia ndani ya kopo la maji na kulisogeza kivulini. Alisema mabomba ya freni yameoza yote, kutoka mbele hadi nyuma, na ukiyashika yanavunjika kama biskuti. Kuyabadilisha ni kubadilisha gari. Kisha akaomba radhi, akamwomba Mama Fortunée ainue miguu ili aangalie sakafu.

Ursule alikwenda kwa Papa Wenceslas na karatasi yake. Alikaribishwa kiti na soda.

"Mama Ursule, tusome pamoja," Papa Wenceslas alisema, na kweli alisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Moteri, ndiyo. Sanduku la gia, ndiyo. Kitu chochote kinachoisha kwa kutumika, hapana. "Freni inatumika ao haitumike?"

"Inatumika."

"Donc inaisha. Ile iko usure."

"Papa, mu gurudumu muko mchanga ya mtoni. Muko samaki."

"Barabara zetu zinajaa mayi, mama. Weye mwenyewe unaona."

"Na mutu?"

Papa Wenceslas aliweka chupa yake chini. "Mama Fortunée iko pale?" aliuliza, kwa sauti ya kutaka habari za jirani. "Umusalimie sana."

Kuanzia hapo hofu ilikaa nyumbani kwa Ursule kama mgeni asiyesema atarudi lini. Kisangani si mji wa milima, lakini yeye alianza kuona miteremko kila mahali: mbele ya kanisa, karibu na soko, hata uani kwake, ambako maji ya kufulia yalikuwa yakikimbilia upande wa choo na hakuwahi kufikiri kwa nini. Akiwa ameketi mezani mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu wenyewe. Akiwapelekea wateja sahani, alitembea akijivuta nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi. Kila alipopita karibu na gari garajini, Mama Fortunée alishusha kioo na kumwuliza kama amepata jibu, na Ursule alimletea chai.

Mwisho aliita chef wa mtaa, Papa Nephtali. Kikao kilifanyika garajini kwa Mahmoudi kwa sababu Mama Fortunée hakuweza kutoka kwenye gari. Chef aliketi kwenye kiti cha mbele, akaelekeza kioo cha ndani ili amwone anayesema. Alimwomba kitambulisho. Mama Fortunée alikitoa kifuani, kimelainika kama mkate uliotiwa ndani ya chai, na mahali pa picha palikuwa peupe. Chef alikikagua pande zote mbili, akamrudishia kwa mikono miwili.

Mama Fortunée alieleza tena habari ya mteremko na ya hewa. Papa Wenceslas, aliyekuwa amesimama nje na kofia mkononi, alitikisa kichwa kukubali kila neno.

"Mama anasema kweli," alisema. "Alikuja, akaniambia freni inazama. Nikamuambia iko usure. Leo Mama Ursule anakuja, ninamuambia iko usure. Chef, mimi sina midomo mbili. Gari ilipotoka mu mayi nikaiosha, nikaipaka rangi muzuri. Ile njo kazi yangu."

"Alikufa!" Ursule alisema.

"Alikufa," Papa Wenceslas alikubali, na akajifanyia ishara ya msalaba.

Papa Nephtali alijipepea kwa karatasi ya garanti. Kisha akasema kwamba ameelewa pande zote. Freni zinaisha kwa kutumika, hilo fundi mwenyewe hakulikataa. Na mtu pia, akiangalia vizuri, anaisha kwa kutumika, na hakuna karatasi duniani iliyowahi kuahidi vingine. Kwa hiyo yaliyoharibika ndani ya gari hili, ya chuma na yasiyo ya chuma, ni usure. Ila kwa sababu wote ni watu wa mji mmoja na wanakutana misani, anamwomba Papa Wenceslas alichukue gari na kumpa Mama Ursule jingine, hata kama ni dogo.

Papa Wenceslas alisema hana kinyongo. Alikuwa nalo moja dogo, la kijivu.

Ursule angeweza kukataa. Baadaye Claudine alimwambia hivyo, nao walijua wote wawili. Angeweza kusema gari hili lisiuzwe tena, likatwe vyuma, lifukiwe. Lakini mguu wake ulikuwa unakanyaga udongo wa garaji wakati huo huo, na alitaka ukome. Akasema asante. Akaanza kutoa sufuria zake nyuma, moja moja, na Mama Fortunée akawa anampokeza.

"Na mimi?" Mama Fortunée aliuliza, akiwa na kifuniko cha mwisho mkononi.

Ursule alimtazama Papa Wenceslas.

"Weye unabakia na gari, mama," alisema Papa Wenceslas. "Iko kwako."

Gari dogo lilikuwa na freni nzuri. Mahmoudi alilifungua magurudumu yote mbele ya Ursule, naye Ursule akaingiza kidole chake kila mahali. Kiti cha nyuma kilikuwa kikavu na kilibaki kikavu. Claudine alijifungua msichana mwenye kelele nyingi, wakamwita Vicky. Ursule alipikia harusi mbili na ubatizo. Hofu haikuondoka, lakini ilipungua kiasi cha mtu kuweza kupika nayo.

Kisha kukawa na matanga Lubunga, na Lubunga huendi bila kuvuka mto mkubwa kwa kivuko. Ursule alifika kwenye foleni ya kivuko asubuhi, Claudine pembeni yake na mtoto mapajani kwa mama yake, akinyonya. Gari lao lilikuwa la kwanza kwenye mteremko. Mbele yao palikuwa na mawe machache, kisha maji ya kahawia, mapana, yakienda zao. Kivuko kilikuwa bado katikati ya mto. Ursule alivuta freni ya mkono, akashuka, akaweka jiwe mbele ya kila gurudumu.

Alipoinuka aliona gari linakuja kusimama nyuma yao, juu zaidi kwenye mteremko. Lilikuwa na rangi mpya ya kijani. Aliyeendesha alikuwa mzee mwenye msalaba wa mbao shingoni, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa Mama Fortunée.

Ursule alipanda hadi dirishani kwa dereva. Mzee alijitambulisha: Emile, katekista, anaelekea upande wa Ubundu na mbao za madhabahu.

"Papa, freni ya hii gari haishike," Ursule alisema. "Ilikuwa yangu. Kabla yangu ilikuwa ya huyu mama. Alikufia pale," na akaonyesha kwa kidevu, "pale chini."

"Alishanieleza yote, tangu siku ya kwanza," Papa Emile alisema. "Tunaomba pamoja. Na kweli freni inazama kidogo. Nilirudi kwa Papa Wenceslas, akaniambia ile iko usure."

"Papa, utoe gari kwa foleni. Ninakuomba."

Papa Emile alitazama nyuma. Lori la mahindi lilikuwa limekwisha kusimama, na nyuma ya lori pikipiki, na nyuma ya pikipiki watu na mbuzi wao. "Nitapita wapi, mama?" aliuliza, bila ukali.

Ursule alitafuta mawe. Yaliyokuwapo alikuwa ameyatia kwenye magurudumu yake. Alimtazama Mama Fortunée, na Mama Fortunée akamtazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mutoto iko ndani ya gari yako?"

Ursule aliteremka mbio. Alifungua mlango wa Claudine, akamwambia atoke na mtoto, apande ukingoni, asimame mbali. Claudine aliona uso wake, akatoka mtoto akiwa bado ananyonya. Ursule akaingia, akaketi kwenye usukani, kwa sababu lazima mtu fulani ashike freni gari la juu likija, na sufuria za matanga zilikuwa zimejaa, na watu wa Lubunga walikuwa wanangoja kula. Alikanyaga kwa miguu yote miwili.

Nyuma yake alimsikia Papa Emile akimtuliza Mama Fortunée kwa sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kukaa na wagonjwa, akimwambia asiogope, gari iko na garanti. Kivuko kiligusa ukingo, kikapiga honi. Kijana wa kivuko akapunga mkono kwamba waanze kuteremka.