Somo Aliyekuwa Akifumuka

Tik. Kabla ya alfajiri, ndani ya tenga la kuku jikoni, yai liligongwa kwa ndani. Nikasema naamka. Sikuamka, niliota nimo ndani ya yai hilo, nimekaa juu ya kiini, nasuka ukili wangu wa mkeka.

Mbele yangu mama mmoja ameshika uzi mrefu, anaamrisha: "Hapa mguu! Hapo magamba!" Na mguu unaota.

"U nani, mwenzangu?"

"Protini."

"Protini naijua ya maharage."

"Hiyo ya kuliwa, Bi Mwantumu. Mimi ya kusimamia. Nisiposhika uzi huu, kifaranga hana miguu."

Pembeni yake yupo mwingine, sura ile ile, anafumuka kuanzia chini kama mkeka usiofungwa.

"Huyo somo yangu," akasema. "Maagizo yetu yalinakiliwa mara mbili kwa makosa, tukatoka wawili kwa jina moja. Kazi yangu anaiweza, ila naimaliza mimi. Na huku asiye na kazi hufumuka."

"Nimefika magotini," somo akasema kwa adabu. "Samahani kwa taka."

Nikachomoa kwenye ukili wangu chane moja nyekundu ya ukindu, nikamfunga kiunoni. Ncha yake ikaning'inia, ikamnasa jirani aliyekuwa akipita, msimamizi wa manyoya.

"Nimeshika mtu," somo akasema.

"Basi jaribu naye," akajibu mkubwa wake, yule mama mwenye uzi. "Miguu naitunza mimi. Ukikosea, mtoto hataumia."

Nimeishi miaka mingi, sijapata kusikia msimamizi akisema hivyo.

Vizazi vya kuku vinapita, sisi tumekaa pale pale. Somo anajaribu, anaharibu, anajaribu tena. Mkubwa hamkemei. Mwishowe somo anashika uzi kwa mkono wake wa zamani na jirani kwa chane mpya, na mguuni, penye magamba, yanaota manyoya.

Kufumuka kukakoma.

Nikaamka. Mjukuu wangu, niliyempa jina langu, amechutama penye tenga.

"Somo, njoo uone! Kifaranga kavaa soksi."

Kweli, manyoya mpaka vidoleni. Mtaa wetu wote hauna kuku wa namna hiyo. Nikayapekua taratibu, katikati yake upo unyuzi mwekundu wa ukindu.

Yai la pili likagonga. Tik. Mjukuu akaliweka sikioni.

"Linamwomba Mwantumu apite na huku," akaniambia. "Halijasema yupi."