Venance Harudi Newala

Mlango ulikuwa umeegeshwa ukutani nyuma ya duka la Awadh Haroub, pale Buguruni, ukisubiri kupakwa mafuta. Ulikuwa wa mti wa mkongo, wa vipande viwili vya kufungukia katikati, na maua yamechongwa kutoka juu mpaka chini. Awadh aliupapasa kwa kiganja kama alivyopapasa kila mlango uliotoka dukani kwake, na kiganja kikasimama. Ua la tatu upande wa kushoto lilikuwa limeshuka kuliko mwenzake wa kulia, kwa upana wa kidole kizima.

Angekuwa amekosea fundi mwingine, Awadh angemrudishia kazi yake akaendelea na chai. Lakini maua haya yalichongwa na Venance, na kwa miaka ishirini na saba Venance hakuwahi kukosea hata kwa unene wa ukucha.

"Mteja akija mwambie tunaomba wiki mbili zaidi," alimwambia Manal, binti wa dada yake, aliyekuwa akisimamia duka. "Mie nakwenda Mwenge."

"Saa hizi, mjomba? Na mbao za Songea zinazoingia leo?"

"Zipokee wewe. Siku hizi unazijua kuliko mimi."

Hakuwa anamsifia bure. Manal alikuwa mama wa watoto wawili, na dereva wa lori hakuweza kumpenyezea ubao mbichi mmoja katikati ya mbao kavu mia bila yeye kuutoa na kuutupa pembeni.

Awadh alikuwa na miaka sitini na miwili. Baba yake aliuza misumari na bawaba katika duka hilohilo. Yeye akaligeuza kuwa mahali ambapo watu wa mji mzima walikuja kuagiza milango ya nakshi. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache, na akisema mlango utakuwa tayari Jumanne, ulikuwa tayari Jumanne. Alipenda wanaume. Hilo alilijua tangu ujana wake, na alipojaribu kulikimbia kwa kumwoa Khulud, ndoa haikufika miaka miwili. Siku ya kuachana Khulud alimwambia, "Sitamwambia mtu. Ila usimfanyie hivi mwanamke mwingine." Hakumfanyia. Miaka yote iliyofuata, watu walimletea majina ya wajane na mabinti wa jamaa. Akawanywesha kahawa, akawasindikiza mpaka nje.

Awadh alikutana na Venance mwaka 1998 kwenye soko la wachongaji la Mwenge. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakuwa na haja na kazi ya milango. "Sie tunachonga watu, tajiri," alimjibu bila kuacha kugonga patasi. "Huo mlango wako una nini cha kuzungumza nami?" Awadh alirudi mara tatu kumbembeleza. Mara ya nne Venance alikubali. Mara ya tano Awadh alikwenda bila mchoro wowote mkononi, akakaa juu ya gogo, wakazungumza mpaka wenzake Venance wakaanza kufunga vibanda.

Wakapendana, na wakaishi kama walivyoweza. Kila Ijumaa, baada ya swala, Awadh alikula chakula cha mchana kwa Venance, katika vyumba viwili alivyopanga nyuma ya soko. Walisafiri pamoja kutafuta mbao, Tanga na Songea. Watu waliona tajiri na fundi wake, na wao waliwaacha waone hivyo. Walikuwa wamemshuhudia rafiki yao mmoja akitolewa vyombo nje na mwenye nyumba, kwa maneno ya mtaani tu, bila mtu kumuuliza lolote. Baadaye polisi wakaja pia. Awadh na Venance walijua wanaishi katika nchi ya namna gani.

Alipofika Mwenge siku hiyo, Awadh hakutoa salamu. Alisimama kando ya nguzo ya kibanda akamtazama. Venance alikuwa anachonga kipande kidogo cha mpingo, lakini uso wake ulikuwa umeelekea kwingine kabisa. Alikuwa anakitafuta kichwa cha kinyago kwa kidole gumba, kisha anaweka patasi pale kidole kilipotoka.

"Tangu lini?" Awadh aliuliza.

Venance aliacha kuchonga. "Umeona lile ua."

"Nimeliona. Tangu lini huoni?"

"Naona. Naona kama mtu aliyevaa chandarua usoni." Aliweka patasi chini. "Tangu mwaka jana. Jicho la kushoto ndilo baya zaidi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Awadh? Ungenionea huruma, ukanilipa kwa kazi mbovu." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nimeshaongea na Adelina. Kanifagilia chumba kule nyumbani. Mwisho wa mwezi nakwenda Newala. Mchongaji asiyeona ana kazi gani mjini?"

Adelina alikuwa dada yake, mwanamke wa mashamba ya korosho ambaye Awadh alimjua kwa sauti ya simu tu. Awadh alivuta lile gogo akakaa. Katika maisha yake ya biashara alikuwa amewashawishi maofisa, madalali na mabwana harusi wenye haraka, lakini kwa Venance yeye hakuwahi kuomba kitu kwa sauti. Kila walichokuwa nacho kilikuja chenyewe, na kila kilichokuwa hatari walikiacha bila kukitaja.

"Usiende," alisema.

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae na mie. Ile nyumba niliyokuwa najenga Mbweni imekwisha, bado rangi. Nilikuwa niipangishe. Siipangishi. Tukakae, mie na wewe."

Venance alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nyumba moja?"

"Nyumba moja. Mlango wa mbele mmoja."

"Miaka ishirini na saba hukuwahi kulala kwangu hata siku moja ya mvua, leo unataka nyumba moja? Wewe mtu wa Buguruni, mwenye jina, mwenye dada?"

"Nilikuwa naogopa," Awadh alisema. "Bado naogopa, sitakudanganya. Lakini nimekaa garini kutoka Buguruni mpaka hapa nikijiuliza naogopa nini zaidi, na jibu lilikuwa moja. Sitaki kuwa nakupigia simu Newala."

Venance alitandika kitambaa chini. Alizikusanya zana zake moja moja, akazifunga humo. Alipomaliza alisema, "Kwanza unipeleke kwa daktari. Kama ni upofu, nataka niambiwe na msomi."

Daktari aliwaambia mambo mawili. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na hilo lingetolewa. La kushoto lilikuwa na presha ya macho iliyokwisha kula mshipa. Lilikuwa limekwenda na halingerudi. Upasuaji ukapangwa wiki iliyofuata.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alikuja na fomu. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. "Ndugu wa karibu ni nani?"

"Niandike mimi. Awadh Haroub."

Muuguzi alitazama kanzu, akatazama jina la mgonjwa, Venance wa Newala. "Una uhusiano gani naye?"

Zamani angesema "mwajiri wake", na neno hilo lilimfika mpaka mdomoni. Akalimeza. "Tuko pamoja tangu mwaka tisini na nane. Hapa mjini hana mwingine aliye karibu kuliko mimi."

Mama yule alivaa miwani yake, akaandika kitu. Awadh alichungulia: alikuwa ameandika "ndugu".

"Inatosha, mzee wangu," alisema. "Kaa hapo kwenye benchi. Watakuita."

Venance alipofunguliwa bandeji, siku iliyofuata, alimkazia macho Awadh kwa muda, mpaka Awadh akaona aibu.

"Unazeeka, bwana," Venance alisema. "Hawakuniambia kama umezeeka hivi."

Ikabaki kumwambia Samiha. Alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mama yake Manal, na waliishi nyumba moja juu ya duka tangu mumewe alipofariki. Awadh alimkuta jikoni akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umerudi mapema?"

"Nahamia Mbweni mwezi ujao. Duka namwachia Manal, nimeshamwandikia. Na Mbweni sitakaa peke yangu. Nitakaa na Venance."

Samiha aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Nani atakupikieni?"

"Tutapika wenyewe."

"Watu watasema."

"Walisema nilipoachana na Khulud. Walisema nilipokataa binti wa Mzee Mfaume. Sijaja kuomba ruhusa, dada. Nimekuja ili usije kusikia kwa mtu dukani."

"Unadhani mie mtoto?" Samiha aliweka ungo chini. "Nimejua kabla Khulud hajafunga begi lake. Nilikuwa namwomba Mungu usiniambie. Ulikuwa hujaniambia, nikawa sina la kujibu. Sasa umeniambia."

Awadh alisubiri. Hakuondoka pale mlangoni.

"Siliridhii," Samiha alisema. "Dini yangu hainiruhusu, na mie sitajifanya. Usinitake nije huko Mbweni kunywa chai. Lakini mama alipovunjika nyonga, watoto wake sote tulikuwa tunagombana nani akae naye zamu gani, na yule bwana alikuja na kile kiti alichokichonga, kirefu kwa miguu, mama aweze kuinuka mwenyewe. Hakuna aliyemtuma." Aliurudisha ungo mapajani. "Ijumaa utakuja kula hapa. Peke yako."

"Nitakuja."

"Na usichelewe. Sipashi chakula mara mbili."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mpaka sasa ndivyo ilivyo. Kila Ijumaa Awadh hula Buguruni, na dada yake humpa habari za mtaa mzima bila kulitaja jina la Venance. Humuuliza tu, anapomnawisha mikono, "Jicho linaendeleaje?" Awadh humjibu kwa kirefu.

Mbweni walihamia na vitu vichache. Uwani walijenga banda la bati lenye mwanga wa kutosha pande zote, kwa kuwa jicho moja linahitaji mwanga wa mawili. Venance hakuweza tena kuchonga maua madogo madogo kwa kasi ya zamani, lakini mkono wake katika kuchora ulikuwa palepale. Alichora nakshi kwa chaki juu ya ubao, mafundi wawili wa Mwenge wakachonga, yeye akapita nyuma yao akipapasa na kugomba. Awadh, aliyeuza milango maisha yake yote bila kuchonga hata mmoja, alishika patasi kwa mara ya kwanza. Venance alimweka kwenye kupiga msasa.

"Miezi mitatu ya msasa," alimwambia. "Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi."

"Mie nilikuwa tajiri yako."

"Ndiyo maana nakupa miezi mitatu. Wengine huwapa sita."

Adelina alipiga simu kuuliza chumba akifanyeje. Venance aliweka sauti ya nje ili Awadh asikie. "Weka korosho humo," alimwambia. "Mie sirudi."

"Nani anakutunza huko?"

"Tunatunzana."

"Basi msalimie huyo anayekutunza," Adelina alisema. "Mwambie hupendi chumvi nyingi. Atakuwa ameshajua."

Mteja wao mkubwa wa kwanza alikuwa Godlisten, mkandarasi aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara. Alitaka milango sita ya mvule. Alizunguka banda lote, akagusa kazi, kisha akamvuta Awadh pembeni.

"Mzee, kazi yako naijua tangu Buguruni. Wasiwasi wangu ni huyu fundi wako. Nasikia anaona jicho moja."

"Si fundi wangu," Awadh alisema, na hakushusha sauti. "Ni mwenzangu. Kampuni ni yetu sote wawili, kwa maandishi. Michoro yote ni yake. Akisema mlango wako hautoki, hautoki, hata mimi nikitaka."

Godlisten aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Venance, aliyekuwa anasikia kila neno, aliinuka na chaki yake.

"Jicho moja linatosha kuona kwamba ule mlango wako mkubwa umeupangia upande wa mvua," alisema. "Utavimba kila masika, na utakuja kutulaumu sisi. Usogeze, au uweke baraza."

Mkandarasi alifungua ramani yake juu ya meza ya kazi, akaitazama, akajikuna shingo. "Mhandisi wangu hakuliona hilo."

"Ana macho mawili," Venance alisema. "Yanamchanganya."

Godlisten aliangua kicheko. Aliagiza milango sita, na akaahidi kurudi na ramani iliyorekebishwa. Gari lake lilipotoka getini, Venance alibaki amesimama, chaki mkononi.

"Umesema 'mwenzangu' mbele ya mteja."

"Nimesema."

"Na akielewa?"

Awadh alipuliza vumbi la mbao kwenye msasa wake. "Neno lenyewe ni sahihi. Akielewa, kaelewa."

Venance alitikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Alipapasa ubao ambao Awadh alikuwa ameusugua tangu asubuhi, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, taratibu, kiganja chote kimelala.

"Hapa bado," alisema, akagonga mahali kwa kidole. "Rudia. Mie nakwenda kuinjika wali."