Supachaja ya Baba Mkwe

Nilikwenda kuomba mke, nikarudi na kazi ya injini.

Sebule ilikuwa imepangwa kwa heshima zote. Baba wa mchumba wangu amekaa kwenye kiti chake, mkewe pembeni, na mchumba wangu anapita mlangoni na sinia tupu, akijifanya ana shughuli. Mjomba wangu, niliyemleta anisemee, alisema vizuri sana mpaka zilipoletwa karanga. Baada ya hapo nikabaki peke yangu.

"Kijana, unafanya kazi gani?" Baba akauliza.

"Fundi wa injini, Baba."

Jibu hilo huwa haliwafurahishi wazee wenye mabinti. Nikasubiri uso ukunjamane. Badala yake akaweka kikombe mezani na kusogea mbele.

"Injini za boti pia?"

"Pia, Baba."

"Supachaja unaweza kufunga?"

"Chaja?" mama akaingilia. "Jamani, si zimejaa droo nzima?"

Mimi namhurumia mpaka leo, maana jina lenyewe linapotosha. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Ukiongeza na mafuta, nguvu inapanda. Simu haihusiki.

Baba alikuwa anauza magodoro, na mtaa mzima ulimwita Bwana Godoro. Mtu anayewauzia wenzake usingizi kutwa nzima nadhani ana haki ya kutaka kitu kimoja chenye kasi. Alikuwa na boti ya starehe, nyeupe, ya watu sita, na kila Jumamosi aliitoa kutembea ziwani. Boti haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwa jirani yake wa gatini, muuza miwani, ambaye boti yake ilikuwa na mbio zaidi. Kila Jumamosi alimpita Baba, na kila akimpita alimwinulia kofia.

"Anainua kofia," Baba akatuambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Pole sana," mjomba akasema, akipangusa mikono. "Na lile lililotuleta?"

"Boti ikimpita yule bwana, tutazungumza. Isipompita tutazungumza vilevile, ila mazungumzo mengine."

Ndivyo nilivyoambiwa mahari ya kwanza.

Kazi niliifanyia kwenye banda la boti, nyuma ya gati. Baba alikuja kila jioni akishafunga duka. Siku ya kwanza aliniletea godoro jembamba la kulalia nikiingia chini ya injini, bado lina nailoni yake, akanikataza kuitoa. Nilifanya kazi nikiteleza. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananiangalia mikono. Aliniita "fundi". Kikombe cha chai akinipa, "shika, fundi". Nilikuwa nasikiliza kwa makini kama siku moja ulimi utamteleza aniite kitu kingine. Haukuteleza.

Ugomvi wetu ulikuwa puli, kile kigurudumu kinachopitisha mkanda. Kwenye boksi la supachaja zilikuja mbili, kubwa na ndogo. Mimi nilichukua kubwa.

"Hiyo nyingine ya nini?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimweleza vizuri. Nilimwambia puli ndogo inaizungusha supachaja haraka zaidi, hewa inakuwa nyingi zaidi, na nguvu nayo zaidi. Neno "zaidi" lilitoka mara tatu, na kila lilipotoka niliona macho yake yanapanuka.

"Funga hiyo."

"Baba, hii inataka gari. Gari likiteremka mlima injini inapumzika. Boti haina mteremko. Ni kama inapanda mlima tangu inatoka gatini mpaka inarudi. Ukiibana na hewa yote hiyo itapata moto, itaanza kugonga, pistoni zitatoboka."

"Mlima uko wapi? Ziwa tambarare hilo. Mimi naliona kila Jumamosi."

Mteja wa kawaida ningemwambia akatafute fundi mwingine. Huyu nikimwambia hivyo, angetafuta na mkwe mwingine.

Mchumba wangu alikuja bandani kesho yake, akaikuta puli ndogo imeshafungwa.

"Umeshindwa kumkatalia?"

"Wewe umewahi?"

Akafikiri kidogo. "Basi kaza vizuri," akasema. "Mimi sina nguvu za kuanza upya na mtu mwingine. Kukuzoea wewe kwenyewe nimetoka jasho."

Sijawahi kuambiwa maneno matamu kuliko hayo, na nilikaza kila nati mara mbili. Nikaongeza mafuta yanayoingia kwenye injini, nikabadilisha propela, nikatia petroli ya bei mbaya. Kisha nikamwomba Baba jambo moja: akimpita tu yule bwana, arudishe nyuma mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo. Asiushikilie mwisho.

"Sawa, sawa, sawa," akasema. Anayesikia husema mara moja.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri na maji yametulia. Mama alikaa nyuma na kikapu, mchumba wangu pembeni yake, mimi nikasimama karibu na Baba, jicho kwenye mshale wa joto. Muuza miwani alikuwa ametangulia. Baba akasukuma mkono wa mafuta, supachaja ikaanza kulia ile sauti yake nyembamba, na boti ikainua pua. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Kikapu cha mama kiliteleza mpaka mwisho wa boti na hakuna aliyekifuata.

Tulimfikia. Tukawa sambamba. Muuza miwani akatutazama, mkono wake ukaanza kwenda kwenye kofia, halafu ukabaki hewani bila kazi. Tukampita.

Wakati huohuo nikasikia injini inagonga. Kwa wengine ni mlio mdogo, lakini fundi akiusikia hukimbilia kuzima. Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Mkono wa mafuta uko karibu yangu kabisa. Angekuwa mtu mwingine ningeunyakua. Lakini utamnyang'anyaje baba mkwe usukani, mbele ya mkewe na binti yake, siku pekee aliyowahi kushinda? Nikatafuta neno la adabu, fupi, lisiloonekana kama amri.

"Achia, Baba!" nikamwambia sikioni.

Mimi nilimaanisha aachie, yaani apunguze, aipumzishe. Baba alinigeukia na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake. Yeye alisikia kama wanavyosikia vijana wakimwambia mpiga muziki aachie: fungulia yote, wasikie mpaka ng'ambo.

"Eeh! Huyo ndiye mwanamume!" akapiga kelele, akaachia. Mkono wa mafuta ukagonga mwisho.

Injini ilipiga kishindo kimoja. Moshi mweupe ukatoka chini ya kifuniko, na boti ikakaa majini taratibu, kama mtu mnene anavyokaa kwenye kochi. Nikafunua kifuniko ingawa sikuhitaji. Pistoni zilikuwa zimekwenda. Nikafunika tena. Mchumba wangu alikuwa ananitazama, machozi yamemlenga. Nilijua hayo ndiyo yale mazungumzo mengine.

"Chaja imekufa?" mama akauliza.

"Imekufa, Mama."

Muuza miwani akaja na boti yake, polepole, kwa adabu inayoumiza. Akatutupia kamba. Baba aliipokea bila kumtazama, akanipa mimi niifunge mbele. Tukaanza kuvutwa kurudi gatini, na kwa mwendo ule kila neno la boti ile lilisikika kwenye boti hii.

"Jirani," muuza miwani akasema, "ilikuwa mbio kweli ile. Lakini huyo fundi, samahani, ulimwokota wapi?"

Nilijua Baba anapiga hesabu gani, kwa sababu nilikuwa naipiga pia. Akisema huyu ni fundi wangu, basi yeye ndiye mjinga aliyemchagua, na kofia itainuliwa mpaka atakapouza boti. Alinitazama mikono. Akamtazama binti yake. Akatazama moshi uliobaki.

"Fundi yupi?" akasema. "Huyu ni mkwe wangu."

Nikaishika kamba kwa nguvu ili nisicheke wala nisilie.

Muuza miwani alinitazama, kisha akamtazama Baba, na uso wake ukalainika. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Pole sana, jirani," akasema.

"Asante," Baba akajibu, akishusha pumzi ndefu. "Tumeshamzoea."