Ndizi Kwenye Tawi la Chini

Dwight, jirani wa nyumba ya pili, anaapa kwamba aliiona kwa macho yake mawili. Alikuja mchana kuazima ngazi, akakuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi, na ndani mmoja wa mibangi ya Corrine umetoa ndizi.

"Kadogo hivi, ka njano," alisema juu ya uzio, ukungu wa mji wa Eureka ukimlowesha ndevu. "Jike lako limegeuka dume, dada. Mimi ningeng'oa leo leo."

"Mwaka jana uliniambia darini kwangu kuna popo. Ilikuwa soksi."

"Ilikuwa inaning'inia kipopo!"

Corrine alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kiua dume kimoja cha aina hiyo, kiitwacho ndizi kwa umbo lake, kikipasuka, chavua huingia kwenye maua ya mimea yote sita, na ua likishika mbegu huacha kutoa utomvu. Utomvu huo ndio uliokuwa ukimpa usingizi baba yake, mzee Alvah, mwenye nyonga zinazomtafuna. Bila huo, angekesha majira yote ya baridi.

Tena, nani alifungua mlango? Taa za chumba kile huwaka usiku, umeme ukiwa rahisi. Mchana ndio usiku wa mimea, na mmea ulio katika maua ukiguswa na mwanga gizani huchanganyikiwa, ukatoa viua dume.

Taa zilipowaka jioni Corrine alipiga magoti kando ya tuta la udongo. Udongo ule hautupwi. Shina la zamani hukatwa, mizizi ikaachwa iozee humo humo, na mche mpya ukapandwa pembeni yake. Chakula chake ni mboji, nyasi kavu na maganda ya kaa aliyoyaponda Alvah. Corrine alipitisha kioo cha kukuzia tawi kwa tawi, taratibu, kama anayemtafuta mtoto chawa. Juu, salama. Katikati, vinywele vyeupe vya maua vimeanza kupiga kahawia, vinanuka ganda la chungwa.

Tawi la chini kabisa: ndizi. Bado imefumba.

Chini yake nyasi zilikuwa zimefunuliwa na kurudishwa ovyo.

"Baba!"

Alvah alikuja akiburuta ndara.

"Unaingia humu mchana?"

"Kidogo tu. Nawatazama nyungunyungu."

"Gizani?"

"Nina tochi, mwanangu. Ningewaonaje?"

Corrine akafumba macho.

"Ganda la kaa wanalimaliza," mzee alisema, akijishusha kwenye kigoda. "Leo unaliona, ukirudi halipo. Nimevua kaa maisha yangu yote, sikuwahi kujua ganda linakwenda wapi."

Corrine aliirushia ndizi maji ili chavua isiruke. Akachukua mkasi wa kupogolea, akaupeleka kwenye shina, usawa wa udongo.

"Ukiuacha," Alvah aliuliza, "utazaa nini?"

"Mbegu. Na wewe hutalala."

"Mbegu za namna gani?"

"Sijui, baba. Hakuna anayejua."

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa jani.

"Basi usiukate. Mimi nitakesha. Niache niwaone watoto wake."

Mkasi ulikuwa wazi, shina liko katikati ya meno yake. Pembeni, feni iligeuza uso wake polepole kutoka mmea mmoja hadi mwingine, na kila ilipofika, maua yaliinama kidogo, kisha yakainuka.