Kinywa cha Minti

Msafisha meno alivaa glavu, akawasha taa ya juu ya kiti, akamwambia shemeji yake mtarajiwa apanue mdomo. Shemeji huyo alikuwa dalali wa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Minti kwa sababu hakuonekana bila pipi ya minti shavuni. Alipiga mswaki kila baada ya mlo, alikwangua ulimi, na vitunguu hakuvigusa tangu aanze kuota ndevu. Alipenda kusema kwamba mwanamume asiyetunza kinywa hana haki ya kumbusu mwanamke. Aliwaambia hata wasiomuuliza.

"Nisafishe vizuri, shemeji," alisema. "Jumamosi nataka mdogo wako apate busu la kukumbuka."

Angeitunza kazi yake kama alivyotunza meno, wateja wake wasingehamia nyumba zinazovuja.

Msafisha meno alianzia nyuma, ambako mswaki haufiki. Kipande cha kwanza cha ukoga kilipoangukia beseni, kilisema kwa sauti ya Minti, "Wewe ndiye wa mwisho kwangu." Kilichofuata kikasema, "Subiri mambo yangu yakae sawa, nakuja kwenu kujitambulisha."

Hilo halikumshangaza. Ukoga huganda na kilichopita mdomoni, na kwenye kiti hicho alishakwangua viapo vya wanasiasa na maombolezo ya watu waliochekelea misiba. Kilichomshtua ni kwamba kila ahadi ilimtaja mwenyewe: muuza vitambaa wa kona ya pili, mjane aliyepangishwa chumba kibovu, mke wa fundi bomba. Karibu na jino la mbele akaikuta ya mdogo wake, neno kwa neno kama zile nyingine.

Minti naye alisikia. Alilala pale akitazama taa, mikono tumboni, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Alipopewa maji ya kusukutua, aliuliza kama meno ya juu yamekuwa meupe kuliko ya chini.

Alipoondoka, msafisha meno hakumwaga beseni. Alimpigia simu mdogo wake, aliyekuwa akiuza viatu ng'ambo ya barabara. Msafisha meno ndiye aliyemlea huyo mdogo wake baada ya mama yao kufariki, akamsuka nywele, akamsomesha, na hakuwahi kumchagulia mwanamume. Safari hii alimketisha kwenye kiti kilekile na kumsogezea beseni. Vipande bado vilikuwa vikinong'ona. Mdogo mtu akavisikiliza vyote, mkoba mapajani, uso umetulia.

"Haya yalikuwa mdomoni mwake?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na sasa yametoka."

"Yametoka, lakini..."

"Basi umefanya kazi nzuri, dada."

Akaeleza, bila hasira, kwamba mchumba wake wa zamani alikuwa mwaminifu kupita kiasi, ila kinywa chake kilinuka kama sufuria iliyolowekwa tangu juzi. Alikuwa akibana pumzi kila anapobusiwa. Uaminifu, alisema, hauna ladha. Kisha akatazama meno yake kwenye kioo kidogo cha kazi na kurudi dukani.

Harusi ilifanyika. Busu lilikuwa refu, na shangazi zao walikubaliana kwamba bwana harusi ni msafi, mtu wa kujipenda. Msafisha meno alipiga makofi na wengine, kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi nyingine.

Kabla zulia la ukumbini halijasahau nyayo zao, Minti akarudi kusafishwa, safari hii na mkewe, aliyeketi kwenye benchi nje ya chumba. Kipande cha kwanza kikaanguka. "Wewe ndiye wa mwisho kwangu," kilisema, na kikamtaja mpiga picha wa harusi.

Msafisha meno alisimamisha mkono, akageuka kumtazama mdogo wake.

"Dada," alisema yule kutoka kwenye benchi, kwa upole, "rudishia mlango kidogo."

Msafisha meno akaurudishia. Akaiongeza nguvu mashine ya kunyonya mate, ikawa inameza vipande kabla havijafika kwenye majina. Minti alipoinuka, alipulizia kiganja chake, akanusa, akaridhika. Akatoka nje kumbusu mkewe, naye mkewe akafumba macho.