Nipo Nje

Hakuna sauti ya mtu katika Kiruruma nzima ninayoshindwa kuiiga, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunikamata. Katekista nimemwiga mpaka watu wakapiga magoti barabarani. Mwalimu wa zamu nimemwiga gizani nikiwa kidato cha tatu, bweni zima likatoka na majembe. Jogoo wa shangazi yangu nilimjibu juma zima, akahamia kwa jirani kwa aibu.

Basi mwaka themanini na tatu, masika yalipoangusha ukuta wa ndani nyumbani kwa shangazi Kokwijuka, mimi ndiye niliyetumwa kutafuta fundi. Na kwa kuwa mtu aliyemaliza kidato cha nne hatafuti fundi wa tope, nilimleta Twagirayezu, aliyekuwa akijenga kuta za bodi: unasimamisha mbao, unapigilia bodi huku na huku, katikati panabaki uwazi. Bodi zenyewe zilivuka mpaka wa Uganda pale Murongo juu ya baiskeli. Kama zililipiwa ushuru, iulizeni baiskeli.

"Fundi, shikamoo. Hizi bodi nikizipiga kichwa si nitatokea upande wa pili?"

"Marahaba. Inategemea kichwani mna nini. Wewe utarudi ulikotoka."

Nikampenda hapo hapo.

Ukuta wenyewe haukuwa wa hivihivi. Ulitenga chumba cha Renatha, binti wa shangazi, na chumba cha kaka yake Melkiory, aliyekwenda vitani na mgambo mwaka sabini na nane. Hakurudi, wala hakuja mtu kusema amekufa. Ukoo ulitaka uzikwe mgomba badala yake, kama inavyofanywa kwa marehemu asiye na maiti, ili msiba ukae kisha uondoke. Shangazi akakataa. Kila Jumamosi alifua shuka ambalo hakuna aliyelilalia. Ukuta ulipoanguka alisogeza kitanda chake pale penye tundu, akawa analala amekaa, anasikiliza. Alikonda mpaka khanga ikawa inamzunguka na kubaki.

Sasa alikuwa amekubali ukuta ufungwe.

"Akikubali ukuta, atakubali na mgomba," Renatha aliniambia. "Atalala kama watu. Kwa hiyo wewe Gosbert, siku ya fundi uwe mtu. Siku moja tu."

"Mimi ni mtu kila siku."

"Wewe ni redio."

Siku ya fundi ukungu ulishuka kutoka kilimani asubuhi na haukuinuka tena. Mchana migomba ilionekana mashina tu, majani yamemezwa. Jirani yetu Mama Mukakalisa alikuja kukanda tope la kuziba pembe. Kufika alasiri ilibaki bodi moja, upande wa chumba cha Melkiory. Fundi akaweka nyundo chini.

"Kabla sijafunga, ninaingiza kichwa humu, ninaita watu wa nyumba. Kila mtu ajibu, 'Nipo nje.' Asiyekuwepo, anayempenda amjibie, 'Yuko nje.'"

"Na usipoita?" nikauliza.

"Ukuta wa tope unapumua. Huu haupumui. Kikifungwa kitu humu, kimefungwa." Akajikuna shingo. "Wakati wa vita watu walijificha popote, bwana. Mimi naita."

Nikatoka, nikaingia chumba cha Renatha upande wa pili, nikabana shavu kwenye bodi ili nicheke bila kuonekana. Uwazi ulikuwa unavuma polepole humo ndani, kama mtungi mtupu uliotegwa sikioni.

"Mama Kokwijuka!"

"Nipo nje."

"Renatha!"

"Nipo nje."

"Gosbert!"

"Nipo nje, tena sana."

"Melkiory!"

Shangazi alitakiwa kusema maneno mawili tu. Nikamsikia akivuta pumzi, akaiachia, akavuta tena. Sasa mimi kimya huniwasha kama upupu. Nikaweka mdomo kwenye bodi, nikaitoa ile sauti nzito ya puani ya binamu yangu, aliyezoea kumwita mama yake 'Mae':

"Nipo ndani, Mae."

Upande wa pili misumari ikamwagika. Nilipozunguka kwa mlangoni nikicheka, nilimkuta shangazi ameingiza mkono kwenye uwazi hadi begani, shavu limebanwa kwenye mbao, na kwa ndani vidole vinakwaruza.

"Shika, Melki. Shika mkono. Mama anakutoa, baba. Shika."

"Shangazi, ni mimi. Ni Gosbert. Nilikuwa natania."

Akautoa mkono taratibu. Akachota tope kwenye karai la Mama Mukakalisa, akanipaka mdomoni kwa utulivu, kama anayeziba ufa.

"Fundi, ita upya," akasema. "Nitamjibia mwanangu. Na huyu asimame hapa hapa."

Renatha akanifuta, akaniletea ndizi ya jana iliyopoa, bonge zima, akanisukumia kinywani. "Usimeze, usiteme. Mama Mukakalisa, tuangalizie huu mdomo."

"Nitauangalia kama maziwa motoni."

Akasimama mbele yangu, mimi nimeegemea dirisha, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. Fundi akaanza kuita tena, ila safari hii hakuingiza kichwa kwenye uwazi. Shangazi akajibu. Renatha akajibu. Lilipofika jina langu nikainua mkono, na Renatha akanijibia, "Yuko nje, kwa bahati mbaya."

"Melkiory!"

Shangazi akafungua mdomo. Nilimwona kabisa, neno lilishafika ulimini. Renatha alimshika kiwiko.

Ndani ya ukuta mtu akakohoa kidogo, kama anayesafisha koo.

"Nipo ndani, Mae."

Kilichonishinda ni kile kikohozi. Melkiory hakuwahi kumwita mama yake bila kukohoa kwanza, tangu utotoni. Mimi, bingwa, nilikuwa nimekisahau. Ukuta haukukisahau.

Fundi alinitazama, Renatha akanitazama, na macho yao yalikuwa yananiomba iwe ni mimi. Shangazi peke yake hakugeuka. Alikuwa anautazama ule uwazi, na uso wake umeanza kurudi ujanani. Nikaona yote yanayokuja: kitanda kurudishwa tunduni, shuka la Jumamosi, kukaa na kusikiliza mpaka naye aishe.

Nikageuza uso dirishani kama ninayepiga chafya, nikatemea ndizi kiganjani, nikaficha mkono nyuma.

"Ni mimi tena!" nikasema, na nikakitoa kile kicheko changu. "Nimewapata wote! Shangazi, nisamehe, ulimi una shetani. Sema tu 'yuko nje', fundi apige bodi, tumalize."

Katika sauti zote nilizowahi kuiga, ngumu kuliko zote ilikuwa hiyo, ya Gosbert asiye na hofu. Niliipata. Renatha akapumua. Fundi akainama kuokota nyundo. Na shangazi akanigeukia polepole, ule ujana unamtoka usoni, akiwa karibu kabisa kuniamini.

"Hapana," akasema Mama Mukakalisa.

Alikuwa bado amesimama palepale, tope hadi viwikoni.

"Huyu mtoto ni mwongo, tunamjua. Lakini niliambiwa niangalie mdomo, nikauangalia. Sauti ilipotoka mdomo ulikuwa umejaa na umefungwa. Ametema baadaye." Akaninyooshea kidole. "Gosbert, fumbua mkono."

"Mama, hakuna kitu..."

"Fumbua."

Nikaufumbua. Bonge la ndizi lilikuwa zima, halikutafunwa, lina alama za meno yangu tu, juu na chini.

Shangazi akalitazama. Kisha akamnyang'anya fundi nyundo, akaigeuza upande wa kung'olea misumari.